Dozi ya Msiba

Mzee Fidelis Chaula alinisalimia "kamwene", akaniuliza habari za kazi, habari za watoto, habari za baridi ya Mbeya, kisha akauliza kama mvua kwetu zimeshafika. Nikajua kuna mtu kafa. Mwenye shida ya kawaida akipiga simu Kituo cha Tezi huanza kulalamika kabla hujasema haloo. Anayekusalimia mpaka mvua anatafuta mahali pa kutua mzigo.

"Sasa daktari," akasema mwishowe. Mimi ni nesi, lakini nilishachoka kuwasahihisha. "Tuna binti yetu hapo kwenu, Onolina. Mtoto wa marehemu kaka yangu."

"Namfahamu, mzee. Mimi ndiye ninayemwangalia."

"Ahsante. Sasa, mama yake amezidiwa kidogo tangu asubuhi. Tulikuwa tunaomba umwongezee ile dawa yake. Sisi tutamfuata kazini, tumrudishe nyumbani taratibu."

Amezidiwa kidogo. Nimeifanya kazi hii muda mrefu, na sijawahi kuona ukoo mzima unakodi magari kumfuata mtu kwa sababu ya kuzidiwa kidogo.

"Mzee wangu, amezidiwa au ametutoka?"

Nyuma yake nikasikia sufuria zinagongana na mtu anaagiza turubai. "Ametutoka," akasema. "Lakini usimwambie. Mtu haambiwi jambo kama hilo kwenye simu, tena akiwa peke yake."

"Naelewa, baba. Poleni sana."

Nilielewa kweli. Mimi Tumpe wa Rungwe, na kwetu pia habari ya kifo hailetwi mbiombio. Unaambiwa fulani hajisikii vizuri, unatafutiwa usafiri, unapewa mtu wa kukaa naye kiti cha pembeni, na ukifika karibu na nyumba unaona watu wamejaa uani na miguu inakuambia yenyewe. Ni upole wa kale huo, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mashine tuliyoipachika juu yake.

* * *

Mwili wa mtu mzima una mnyororo wa amri. Ubongo ukiona hatari hutuma neno kwenye kitezi kilicho chini yake, na kitezi kile hutuma neno kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Hizo ndizo zinazomwaga kotisoli, steroidi inayoshikilia presha isianguke na kufungua ghala la sukari ili mtu apate nguvu ya kupambana. Ikishatosha, kotisoli yenyewe hurudi juu kuuambia ubongo nyamaza, nimefika.

Kwa Onolina, kifua kikuu kilizila zile tezi akiwa bado shule ya msingi. Ubongo wake ukawa unaita na hakuna wa kuitika. Chumvi ikawa inamtoroka mwilini, viganja vikaingia weusi, akikimbia anaanguka. Mama yake alimkuta zizini analamba jiwe la chumvi la ng'ombe, na badala ya kumchapa akambeba mgongoni hadi hospitali, akakataa kuondoka mpaka apatikane mtu wa kumweleza kwa nini.

Siku hizi anaye Mwenza. Ni kidude kilichozikwa chini ya ngozi ya tumbo, kinaonja damu na kumwaga steroidi kadiri mwili unavyotaka, na mkononi kuna bangili inayomwonyesha mwenyewe kinachoendelea. Kijani ni dozi ya kawaida. Njano, dozi imepanda. Tatizo ni kwamba Mwenza hutambua pigo likishaingia, na kwa habari nzito huwa amechelewa. Mtu anaambiwa baba yako hayupo, presha inaporomoka, na dawa bado iko njiani. Kwa hiyo sisi wa Kituo tukapewa uwezo wa kupandisha dozi mapema kutoka mbali. Ndugu wakajua. Wakawa wanapiga simu kwetu kwanza, ndipo wanamfuata mfiwa.

Ilikuwa huruma tupu, mpaka wagonjwa walipoanza kuisoma bangili. Mtu anapandishiwa dozi kwa sababu anang'olewa jino, anaona njano, anaangua kilio kwenye kiti cha daktari akiuliza nani kafa. Pale sokoni Mwanjelwa watu wakawa wanasema "bangili yake imewaka" wakimaanisha mtu kafiwa. Wakubwa wetu wakakaa vikao, wakanywa chai, wakatuletea amri ya kimya: dozi inapanda na bangili inabaki kijani. Ili itumike lazima wakubali watu wawili, nesi wa zamu na daktari kiongozi, kila mmoja kwa dole gumba lake.

Baba yake Onolina alipofariki, nesi aliyenitangulia alitumia amri hiyo. Onolina, ambaye wakati huo alifanya kazi mbali, akasafiri kutwa nzima akicheka na abiria wenzake, akanunua ndizi za kumpelekea baba, akashuka na kukuta turubai. Mwili ulistahimili. Yeye hakutusamehe. Nilipokabidhiwa faili lake alikuja mwenyewe kuniona, akakaa mbele yangu bila kuvua koti.

"Mlinibebesha ndizi za maiti," aliniambia. "Dada Tumpe, mimi sikatai dawa. Nakataa kufanywa mjinga. Bangili yangu isinidanganye, na wewe usinidanganye."

Nikamwahidi, kwa mdomo wangu huu.

* * *

Nilipofungua ukurasa wake kwenye kioo cha kompyuta ili nimpandishie waziwazi, nikamkuta tayari yuko juu. Mwenza wake alikuwa anamwaga dozi ya mtu anayepasuliwa. Sikuwa nimegusa kitu, na kabla sijamaliza kushangaa, yeye mwenyewe akaita.

"Dada Tumpe, nani kafa?"

Upepo ulikuwa unavuma kwenye kipaza sauti chake hadi nikalazimika kuinama. Onolina ni fundi wa minara ya umeme wa upepo ya Makambako, ile wenyeji wanayoiita mapangaboi. Kazi yake ni kupanda hadi kibanda cha juu, mahali ambapo mimi ningekata roho kwa kutazama tu.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Juu. Nina mtu kwenye kamba. Zakayo, mwenzangu, chuma kimefyatuka kikampiga bega na kuvunja breki ya kamba. Yuko nje ananing'inia, nusu ana fahamu nusu hana. Breki haijifungi yenyewe tena, namshusha kwa mikono. Nikiachia anakwenda. Droni ya uokoaji imeshindwa na huu upepo, na wa kupanda kunisaidia ndio kwanza wanatoka mjini. Sasa nimeona njano. Sema upesi."

"Njano hiyo ni ya kazi unayoifanya, mdogo wangu."

"Umepandisha wewe, au Mwenza amepanda mwenyewe?"

"Amepanda mwenyewe. Mwili wako umeomba."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na kama angeishia hapo ningebaki mtu safi. Nilisikia anavuta pumzi. Kamba ililia kwenye chuma.

"Kwa hiyo kwetu salama?"

Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka hapo. Nilimwona Zakayo, ambaye sijawahi kumwona, nikaona mikono ya Onolina inafunguka.

"Salama," nikasema.

"Haya. Basi nashusha dozi."

"Usishushe, Ona."

"Inanitetemesha vidole, na mifupa yangu unajua inavyoliwa na dawa hii. Kifundo cha mkono kilivunjika kwa kufungua mlango tu. Miaka yote mnanijaza dawa ya kujihami na habari zisizokuja. Ya kawaida inanitosha."

"Iache tu mpaka umalize."

"Kwa nini, kama ni salama?"

Sheria inampa mgonjwa haki ya kushusha, na akishashusha ni yeye tu anayeweza kurudisha waziwazi. Alibonyeza bangili kwa kidevu, mikono ikiwa kwenye kamba. Kwenye kioo changu rangi ikarudi kijani. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, lakini sikujua kuwa ni fupi kiasi kile.

* * *

Daktari Lwitiko alikuja nyuma ya kiti changu bila kuitwa, kwa sababu kioo chake kilikuwa kinaonyesha kama changu. Ni mtu mwema, anavaa sweta alilofumiwa na mkewe, na huongea polepole hata nyumba ikiungua.

"Mwili unadai, Mwenza amefungwa mdomo," akasema. "Presha inaanza kushuka. Tumia kimya, Tumpe."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi pia kutomwambia uongo, na nimesikia ukisema salama." Akaweka dole gumba lake kwenye kioo. Alama ya kwanza ikawaka. "Bado lako. Kuna mtu kwenye kamba. Ahadi tutaijadili yule mtu akishafika chini."

Simu ya pembeni ikalia. Mzee Fidelis. Safari hii hakusalimia.

"Daktari, sisi tumeshafika."

"Mmefika wapi?"

"Hapa kwenye mnara wake, si mbali na kwetu. Tumekuja magari mawili, na akina mama wa jumuiya pia wamekuja. Mlinzi anatuzuia, anasema juu kuna matatizo."

"Baba, naomba sana, warudisheni akina mama ndani ya magari. Sogeeni mbali. Akiwaona kutoka juu ataelewa."

"Mwanangu, watu wameshashuka. Wameshakaa chini. Wengine wameanza kulia, utawanyamazishaje?" Sauti yake ikavunjika kidogo. "Tungemwacha apokelewe na nani?"

Hapo ndipo nilipoiona ilivyo. Hakuna aliyekosea kwa ubaya. Walikuja kwa upendo, wakakaa chini kama inavyopasa, na vitenge vyao vilikuwa vinaonekana kutoka juu ya mnara vizuri kabisa.

"Dada Tumpe." Ulimi wa Onolina ulikuwa umekuwa mzito. "Nasikia kichefuchefu. Na baridi."

"Zakayo yuko wapi?"

"Amevuka katikati. Mikono inaniishia."

Dole gumba langu lilikuwa juu ya kioo, halijagusa. Nikibonyeza, dawa inaingia, bangili inabaki kijani, Onolina anapata nguvu asizojua zimetoka wapi. Zakayo anafika chini. Halafu Onolina anatazama chini, anaona vitenge, na anaelewa kila kitu mara moja: ndizi za pili. Au anatazama chini kabla dawa haijafanya kazi, presha iko sakafuni, na tunawazika wawili pamoja na mama.

Nikimwambia ukweli, kazi ya dawa ni ile ile na haiongezeki kasi. Tofauti ni kwamba nitakuwa nimempiga mimi, kwa makusudi, wakati ameshika uhai wa mtu. Nilimchukia kila aliyewahi kukaa kwenye kikao akabuni kile kitufe. Nilitamani hata umeme ukatike.

Nikaondoa dole.

"Onolina, nisikilize. Nimekudanganya. Rudisha dozi juu sasa hivi, hadi mwisho. Rudisha kwanza."

Upepo. Kamba. Daktari Lwitiko aliweka mkono wake begani kwangu, sijui kwa kunizuia au kunishikilia.

Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe, nikapoteza hesabu. Kisha kwenye kioo kijani kikawa njano, na Mwenza akafungua.

"Nimerudisha," akasema. "Usinitajie jina."

"Sitakutajia."

"Nikishuka nitaambiwa na watu. Sitaki kufiwa sikioni." Alikuwa anaongea kwa meno yaliyobana. "Niongeleshe. Kitu chochote kisicho na mtu ndani yake."

Jaribu wewe kutafuta kitu kisicho na mtu ndani yake. Nikaanza habari za viazi, jinsi mwaka ule ukungu ulivyoharibu viazi vyangu vyote, majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto, na jinsi mbegu inavyopaswa kuachwa ichipue gizani kwanza. Nikafika kwenye kuinulia matuta nikakwama, maana nani alimfundisha Onolina kuinulia matuta? Nikarukia nyanya. Nikarukia paa langu linalovuja. Namshukuru Mungu hakuna aliyeyarekodi maneno yale.

Katikati ya paa akasema, "Wapo chini."

Nikaliacha paa.

"Nawaona. Wamekaa." Kamba ikalia, ikatulia, ikalia tena. "Mashangazi wamekaa nyuma. Waliokaa mbele ni mama wadogo."

Ndugu wa damu wa marehemu ndio wanaokaa mbele. Hata mtoto wa huku analijua hilo. Kwenye kioo nikaona pigo linaingia, mstari wa presha ukainama kama jani lililokanyagwa, na nikaona dawa inaukuta njiani. Ukayumba. Haukuanguka.

"Ona?"

"Endelea na paa," akasema. "Bati au vigae?"

"Bati."

"Ndiyo maana linavuja. Endelea."

Nikaendelea. Nililia huku naeleza misumari, na yeye alikuwa analia pia, namsikia, na kamba haikusimama hata mara moja. Watu hudhani steroidi hizi zinaondoa uchungu. Hazigusi uchungu. Zinachofanya ni kukuacha umesimama wakati umeubeba, na siku ile nilishukuru kwamba kazi yao ni hiyo tu.

Kelele zikapanda kutoka chini, za wanaume, za kupokea. "Amefika," Onolina akasema. "Wamemshika."

* * *

Ndani ya mnara mawasiliano hukatika kwa sababu ya chuma. Alishuka ngazi peke yake, na sisi tulibaki tunatazama kioo kisichosema kitu. Daktari Lwitiko alifuta alama ya dole lake kwa mkono wa sweta, akaenda kukaa kwenye meza yake.

Aliporudi hewani nilisikia mlango wa chuma, kisha sauti ya kike moja ikisema jina lake tu, kisha zote. Sikuwa na haki ya kusikiliza yale. Nilipunguza sauti, nikabaki na kioo. Mwili uliita na Mwenza akaitika, ukaita tena, akaitika.

Giza lilikuwa linaanza kuingia aliponitafuta. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ni yake.

"Dada Tumpe, upo?"

"Nipo. Pole sana, mdogo wangu."

"Nishapoa. Zakayo wamempeleka hospitali, anaongea. Anasema bega limekwenda lakini anaongea." Nyuma yake gari lilikuwa linatembea, na watu wanaimba pambio kwa chini. "Uliposema salama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Mzee Fidelis alikuwa ameshapiga."

"Ningekuwa mimi, na wewe uko kwenye kamba, labda ningesema hivyo hivyo."

"Ona..."

"Ngoja nimalize. Ahsante kwa kuniambia nikiwa juu. Ilikuwa kazi ngumu, nafahamu. Sasa naomba dozi ibaki juu mpaka tuzike. Waziwazi. Nataka niione njano."

"Itabaki. Nakuahidi..." Neno hilo nikaliacha.

"Halafu baada ya mazishi nitafutie nesi mwingine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa lile sikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza, kwa sauti ya kijinga kabisa, kama nilikuwa nimekosea kumwambia ukweli.

"Hukukosea," akasema. "Ila kuanzia leo, kila utakaponiambia salama, nitatazama chini."

Nikamwambia sawa, mdogo wangu, nitakutafutia mtu mzuri. Akasema ahsante. Pambio likapanda, mtu akamwita kwa jina la utotoni, na mimi nikashikilia simu mpaka alipokata yeye.